Wishmaster (1997): muvi la jini la kuomba, nimelicheki Mtwara na nina maneno

Natoa hukumu kabisa ili wenye haraka waondoke zao. Wishmaster ni nzuri nusu saa ya kwanza, katikati inachosha, alafu dakika za mwisho inakurudishia hela yako na chenji juu. Ni ya mwaka 1997, dakika 90 tu, na kama unapenda muvi za kutisha na hujawahi kuiona basi itafute, ila usiangalie na watoto na usiangalie huku unakula.

Kwa wasioijua, ni hivi. Kuna jini limefungwa ndani ya jiwe jekundu la opali. Ukiliamsha una maombi matatu, na ukimaliza la tatu mlango unafunguka ukoo mzima wa majini unamwagika duniani, kwa hiyo hapo mwenye shida ya maombi ni jini lenyewe, wewe unabembelezwa tu. Lakini kabla ya kufika huko lazima lijaze jiwe kwa roho za watu, asa linavaa sura ya maiti na suti kali linaingia mtaani linawaomba watu waombe, kila mtu ombi moja, na kila ombi linamgeukia mwenyewe. Muvi nzima ndo hiyo.

Picha linaanza Uajemi mwaka 1127. Mfalme kaomba aonyeshwe maajabu, na jini limemwonyesha kweli, maana ukumbi mzima unageuka machinjio, kuna mtu mifupa yake inajichomoa mwilini inasimama na kuanza kutembea peke yake, kuna mwingine anamezwa na ukuta, watu wanageuka vitu ambavyo sina majina yake. Mimi nilienda kuicheki kibandani, maeneo ya Magomeni, jero mlangoni, mabenchi ya mbao, na nakwambia pale kwenye mifupa benchi zima la mbele lilirudi nyuma kama limesukumwa. Nikasikia astaghfirullah tatu kutoka pembe tatu tofauti. Na hiyo mifupa imetengenezwa kwa mikono, mpira na gundi na rangi, sio kompyuta. Muongozaji ni Robert Kurtzman, ambaye kazi yake hasa ilikuwa kutengeneza madude ya muvi, ni mmoja wa wale watatu walioanzisha kampuni ya KNB pamoja na Greg Nicotero na Howard Berger, kwa hiyo hata kwa bajeti ndogo ya dola milioni 5 hivi alijua kila senti iende wapi. Jina la Wes Craven, muongozaji maarufu wa muvi za kutisha, utaliona kubwa kwenye bango ila yeye hakuongoza, alikuwa mtayarishaji mtendaji tu, msidanganyike. Ambapo walitumia kompyuta panaonekana mara moja, panang'aa vibaya, afadhali wangeacha.

Nikiwa bado hapo Uajemi niseme kitu kinachonikera. Mchawi wa mfalme, anayelifunga jini kwenye jiwe, anaitwa Zoroaster. Jamani. Zoroaster ni nabii wa dini ya kale ya Waajemi, alishafariki zaidi ya miaka elfu moja na nusu kabla ya huo mwaka 1127, na mwaka huo Uajemi ilikuwa nchi ya Kiislamu karne kadhaa, ipo chini ya Waseljuki. Hakuna mfalme wa Kiajemi wa wakati ule ambaye angekaa sebuleni na sanamu la Ahura Mazda, mungu wa dini hiyo, na kwenye muvi jiwe limefichwa ndani ya sanamu hilo. Mwaka 1127 hata hapo jirani Kilwa Kisiwani watu walishajenga mji wanaswali, na simulizi za wenyeji zinasema wazee wao walitoka hukohuko Shirazi, kwa hiyo jini kama lingetaka kutoroka lingepanda jahazi la kaskazi lije kutusalimia, lisingesubiri miaka 870 likaanzie Marekani. Nawatania, ila mwandishi wa muvi, Peter Atkins, huyohuyo aliyeandika Hellraiser ya pili na ya tatu, alitaka tu majina yenye harufu ya kale akayachota bila kuangalia kalenda.

Upande wa majini wenyewe amejitahidi nusu. Mwanzoni kuna sauti inasimulia (ya Angus Scrimm, yule mzee mrefu wa Phantasm) kwamba malaika wametokana na nuru, binadamu udongo, majini moto. Hapo mtu yeyote aliyekaa madrasa atatikisa kichwa kukubali, Surat Ar-Rahman aya ya 15 inasema majini yameumbwa kwa ulimi wa moto. Shida ni kwamba kwenye muvi majini yote ni mashetani, kamaliza. Wakati sura ya 72, ambayo inaitwa kwa jina lao kabisa, inaeleza kundi la majini waliosikia Qurani wakaamini, na wenyewe wanasema kati yetu wapo wema na wapo kinyume na hapo. Nusu ya habari wamechukua, nusu wameiacha, na hiyo waliyoiacha ingefanya muvi kuwa tamu zaidi, hebu fikiria jini jema linajaribu kumzuia mwenzake, hiyo ningelipa buku.

Haya, turudi. Marekani, bandarini. Lile sanamu la Ahura Mazda linashushwa na winchi, dereva wa winchi kalewa, kreti linadondoka, linamponda mtu (huyo ni Ted Raimi, anakaa kwenye muvi muda wa kunywa kikombe cha chai), sanamu linapasuka, mbeba mizigo anaona jiwe linang'aa ndani anatia mfukoni. Pale kibandani nilikaa karibu na jamaa wanaofanya kazi za kubeba mizigo bandarini kwetu, basi hawakujali jini wala nini, walibishana dakika tano nzima kuhusu ile kamba ilivyofungwa. Mmoja akasema hata kama dereva angekuwa hajanywa lile kreti lingedondoka tu. Mkumbuke huyo dereva, nitamrudia.

Jiwe linazunguka mpaka linafika kampuni ya mnada, linapelekwa kwa Alexandra, dada anayekagua vito, ameigizwa na Tammy Lauren. Njomba anayetafsiri pale kibandani (anasimama pembeni na maiki, hatumii rekodi) alimwita Aisha tokea mwanzo hadi mwisho na hakuna aliyelalamika. Aisha analiangalia jiwe, anapuliza na kusugua, jini linaamka. Tammy Lauren kwa kweli yuko kawaida. Anakimbia vizuri, analia vizuri, ila pale anapotakiwa kuonyesha kwamba kichwa kinafanya kazi unaona uso umetulia tu, na muvi hii inategemea kichwa chake kuliko miguu yake. Amepewa historia ya wazazi kufa kwa moto na mdogo wake Shannon ambaye yeye ndo alimuokoa, ili baadaye ipate kumuumiza, sawa, ila inatajwa kwa haraka mno.

Anayebeba muvi ni adui. Andrew Divoff. Aisee huyu mtu. Akiwa kwenye sura ya mpira ya jini anatisha kidogo, lakini akiwa binadamu, ndani ya suti, na kile kitabasamu kinachochelewa kuisha, anatisha mara kumi. Njomba wa maiki alimbatiza Mzee wa Suti. Kinachonifanya nimkubali ni kwamba hatumii nguvu. Hawezi kukugusa mpaka umeomba. Kwa hiyo ni mtu wa kuuliza maswali, anakuuliza kwa upole, anakusifia, anakuvuta ulimi, mpaka unatamka. Yani ni wakili wa kuzimu. Muuza duka mmoja anakiri kwamba angependa uzuri wake usiishe, mara paap, kawa mdoli wa dukani wa kuvalishwa nguo, uzuri haujaisha ni kweli. Bosi wa mnada, Nick Merritt, anataka dola milioni moja, na hapo muvi inakata kwenda kwa bibi kizee anasaini karatasi ya bima ya maisha, mrithi mwanae Nick, alafu bibi anapanda ndege, ndege inalipuka. Sekunde chache tu. Hakuna damu hata tone na ndo kipande kibaya kuliko vyote. Wanaosoma hadithi za kale watakumbuka ile ya W. W. Jacobs ya 1902 ya mkono wa nyani, wazazi wanaomba pauni 200, kesho yake mtoto wao anaingia kwenye mashine kiwandani na kampuni inaleta fidia, kiasi gani, pauni 200. Ni mbegu ileile, miaka karibu mia imepita na bado inaota.

Baada ya kile cha bibi na ndege kibanda kilikaa kimya, alafu njomba mmoja wa nyuma akasema kwa sauti, hili jini mbona lilishafika huku, 2018 tuligomea bei ya korosho tukaomba bei nzuri, tukapewa 3,300 kwa kilo na malori ya jeshi yakaja kubeba. Watu walicheka mpaka njomba wa maiki akasimamisha tafsiri.

Nimesema katikati inachosha, nieleze. Muvi inageuka foleni. Mtu anatokea, anaomba, anakufa, anayefuata. Mlinzi wa getini anamwambia Mzee wa Suti kwamba ili aingie itabidi apite ndani ya mwili wake na angependa sana kuliona hilo, huyo ni Kane Hodder, yule aliyekuwa Jason wa Friday the 13th, na tayari hata mtoto anajua kitakachotokea. Kinatokea. Kinapendeza kuangalia, kila mtu kibandani alishika kichwa, lakini hakikushtui. Polisi anataka kumkamata mhalifu fulani akiwa kwenye tukio, haya, mhalifu anaanza kufyatua risasi ndani ya kituo. Na kuna yule baunsa wa Tony Todd (aliyefariki Novemba 2024, mtu mkubwa sana kwenye muvi hizi, Candyman mwenyewe), Mzee wa Suti anamzungusha maneno mpaka anakubali kwamba kutoroka kidogo kwenye kazi yake si mbaya, mara yuko ndani ya tenki la maji na minyororo kama wale wa mazingaombwe. Hapo mimi nasema jini limecheza rafu. Huyo hakuomba. Kaitikia tu kwa heshima kama mtu unavyomwitikia mlevi ili akuache. Kama kuitikia ni kuomba basi sote tungeshakufa zamani. Muvi ilijiwekea masharti yenyewe na yenyewe ikayavunja kwa sababu ilikuwa na tenki zuri la maji na Tony Todd, na mimi muvi ya namna hii naipima kwa masharti, mengine yote ni nyama tu.

Robert Englund yupo pia, Freddy mwenyewe wa Nightmare on Elm Street, hapa ni tajiri Beaumont mwenye kukusanya sanamu za kale, anaomba sherehe ambayo watu hawataisahau. Mnaweza kumalizia wenyewe. Ile sherehe ni kama kile kipande cha Uajemi kimerudi na wageni wamevaa tai, sanamu zinaamka, vinanda vinachinja. Kwa watu wa damu hapo ndo kileleni. Mimi nilikuwa nimeshashiba.

Alafu sasa mwisho, ambao ndo sababu nimeandika yote haya. Kama hamjaiona na mnataka kushtukizwa, rukeni aya tatu.

Aisha ana maombi matatu na anajua akimaliza dunia imekwisha. Jini linampa na moja la majaribio, la bure, na anaomba lijiue. Linajipiga risasi ya kichwa palepale, ubongo ukutani, alafu linanyanyuka linarekebisha suti. Cha milele hakifi. Ombi la kwanza la kweli anauliza wewe ni kitu gani, anajikuta ndani ya jiwe, la pili analitumia kutoka humo. Kwa hiyo mawili yameenda kwa woga tu kama hela ya kwanza ya msimu. Limebaki moja, na mdogo wake yuko ndani ya mchoro ukutani, moto unamzunguka, na jini linamwambia omba, mwokoe.

Nilimsimulia mama yangu mdogo wa Mikindani habari hii, yeye muvi haangalii lakini masimulizi anataka yote, na alivyofika hapo akanikatiza, "We mtoto, si angeomba lirudi kwenye jiwe lake yaishe?" Nikamwambia mama, fikiria, akiomba lirudi kwenye jiwe litarudi na yeye humohumo, au na mji mzima humohumo, si ndo mchezo wake. Akasema basi aombe asingezaliwa. Lisingezaliwa nani mama, wewe au lenyewe? Tukakaa pale tunajaribu maneno mpaka chai ikapoa, kila sentensi tukiitengeneza tunapata tundu ambalo jini linapita. Aisha alichoomba ni kwamba yule dereva wa winchi, siku ile, asingekunywa pombe kazini. Basi. Hakugusa jini, hakugusa jiwe, hakugusa mdogo wake. Kamgusa mlevi mmoja ambaye jini lenyewe halimjui hata kwa sura. Na hapo jini halina pa kupindisha kwa sababu likitimiza tu, winchi haidondoshi, sanamu halipasuki, lenyewe halijawahi kuamka. Linapiga kelele huku linavutwa. Mama mdogo alipiga paja akasema huyo binti kalelewa na bibi yake.

Kibandani ilikuwa vurugu. Nusu walishangilia, nusu wakataka kujua waliokufa wamerudi au vipi (wamerudi, siku imeanza upya), na wale wa bandarini wakasimama kudai walisema tokea mwanzo tatizo ni dereva, jambo ambalo si kweli, walisema tatizo ni kamba.

Sasa kwa mtu wa huku ambaye kakua na habari za majini, chuma ulete, jini mahaba, sijui masharti ya mganga, itakutisha? Usiku sikuogopa kuzima taa kama nilivyodhani. Nilichokiona ni kwamba nimekuwa mwangalifu wa mdomo. Kuna muuza samaki feri alinifokea kesho yake, nikataka kusema natamani, nikameza. Lakini pia niwe mkweli, kuna kitu muvi haina. Kwetu habari ya mtu aliyetaka utajiri huwa na familia ndani yake, nani katolewa, nani anajua, nani ananyamaza kwenye msiba. Kile cha Nick na mama yake kilifungua mlango huo na wakaufunga haraka wakaendelea na foleni ya maiti. Kijana yeyote wa Lindi au Mtwara mwenye kamera akiamua kutengeneza muvi ya namna hii, akianzia kwa Nick kwenye mazishi ya mama yake na milioni yake benki, ataipita hii bila hata kununua mpira wa mifupa.

Kuhusu kuicheki kibandani, kwa wanaouliza. Tafsiri ya maiki ni raha, ila njomba anajisahau anakusimulia kinachokuja, kile cha mlinzi alishatuambia kabla mlinzi hajafungua mdomo. Joto ni la kwetu lilelile, kaa karibu na mlango. Sauti iko juu mpaka maneno ya Divoff yanakatika, na Divoff bila sauti yake ni hasara, kwa hiyo ningeshauri uone mara moja na watu kwa ajili ya kelele zao, alafu uichukue kwenye flashi kwa vijana wanaorusha muvi uiangalie tena nyumbani na hedifoni kwa ajili ya yule mzee. Inafaa mara mbili, ya tatu hapana.

Zipo nyingine tatu zimefuata. Ya pili ya 1999 bado ina Divoff na ina vichekesho vyake, mtaivumilia. Ya 2001 na ya 2002 jini ni mtu mwingine kabisa, hizo mkikuta kijana kawabandikia kwenye flashi kama nyongeza mwambieni afute aweke taarabu.